Timu Ilihamishwa, Watu Wakabaki

Katika mikusanyiko yetu hapa Uingereza, iwe harusini, matangani au kwenye futari, haipiti saa moja kabla mazungumzo hayajaingia kwenye mpira, na mpira nao haukawii kuingia kwenye matajiri. Wapenzi wa Manchester United watakuhesabia madeni ambayo familia ya Glazer iliitwisha klabu ilipoinunua mwaka 2005. Pembeni yao wamekaa watani wa jadi, Simba na Yanga, kila mmoja akiulalamikia uongozi wake kuliko anavyomlalamikia mpinzani. Kilio cha wote ni kimoja: sisi ndio tunaokosa usingizi timu ikifungwa, lakini likija suala la uamuzi hakuna anayetuuliza.

Juu ya Manchester United yameandikwa mengi na yataandikwa zaidi. Safari hii tumeona tuwaletee habari za klabu ndogo ya kusini magharibi mwa London, ambayo wenzetu wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya tenisi tu. Tunaamini mambo yaliyoipata Wimbledon yanatufundisha kuhusu umiliki wa klabu kuliko makelele yote ya Old Trafford, kwa sababu kule Manchester tajiri alichukua faida na timu ikabaki mahali pake. Wimbledon, timu yenyewe ilichukuliwa.

Klabu hii ilianza mwaka 1889, ikiundwa na vijana waliowahi kusoma shule moja ya mtaa huo. Kuanzia mwaka 1912 ilicheza katika uwanja wa Plough Lane, na kwa miaka mingi ilikuwa timu ya ridhaa, ya watu wa mtaani wanaotoka kazini na kwenda kucheza. Mwaka 1977 ikaingia kwenye ligi ya kulipwa, daraja la nne. Mwaka 1986 ilikuwa tayari iko daraja la kwanza. Miaka tisa tu! Na tarehe 14 Mei 1988, pale Wembley, ikaifunga Liverpool, waliokuwa mabingwa wa Uingereza msimu huo huo, bao 1-0 katika fainali ya Kombe la FA. Bao lilifungwa kwa kichwa na Lawrie Sanchez, na kipa Dave Beasant akaidaka penalti ya John Aldridge, akawa kipa wa kwanza kuokoa penalti katika fainali ya kombe hilo uwanjani Wembley. Wenye umri wetu hawawezi kuwasahau Vinnie Jones, Dennis Wise na John Fashanu. Haukuwa mpira wa kupendeza, tuseme ukweli. Ulikuwa mpira wa mabavu na mipira mirefu. Lakini ulishinda.

Mwaka uliofuata, tarehe 15 Aprili 1989, likatokea balaa la Hillsborough mjini Sheffield, ambalo hatimaye liliua mashabiki 97 wa Liverpool. Jaji Taylor akapewa kazi ya kuchunguza, na ripoti yake ya mwisho ya Januari 1990 ikataka viwanja vya madaraja ya juu viwe vya kukaa tu. Sisi tuliosomea uhandisi wa ujenzi katika nchi hii miaka ya tisini tuliisoma ripoti hiyo darasani kama kitabu cha kiada. Hapa mtatuvumilia kidogo, maana fani ina kero zake. Mwongozo wa usalama wa viwanja wa Uingereza unaruhusu hadi watu 47 waliosimama katika mita za mraba 10. Weka viti katika eneo hilo hilo, hupati watu 30. Kwa hiyo uwanja mdogo ukiambiwa utie viti, unapoteza karibu nusu ya watu wake, na pamoja nao nusu ya mapato ya mlangoni. Ukitaka kuirudisha hiyo nusu ni lazima upanue majukwaa, na ukitaka kupanua ni lazima uwe na ardhi. Na ardhi ya London bei yake mnaijua nyote mnaolipa kodi ya nyumba.

Uongozi wa Wimbledon ukaamua kwamba Plough Lane haitengenezeki. Mwaka 1991 timu ikahamia Selhurst Park, uwanja wa Crystal Palace, kama mpangaji. Mashabiki waliambiwa ni kwa muda tu. Ule muda ukawa miaka 12.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na mashabiki wengi hawakukiona wakati ule. Mmiliki wa klabu alikuwa Sam Hammam, mfanyabiashara mwenye asili ya Lebanon, mtu aliyependwa sana, mcheshi, aliyekula na kucheka na wachezaji. Hatusemi hakuipenda timu. Lakini uwanja wa Plough Lane ulikuwa na sharti la zamani katika hati zake, lililoulinda ubaki kuwa mahali pa michezo. Hammam akafikia mapatano na halmashauri ya mtaa, sharti likaondolewa kwa malipo. Baada ya hapo uwanja ulikuwa kiwanja tu. Mwaka 1998 uliuzwa kwa kampuni ya maduka ya Safeway. Duka lenyewe halikujengwa; mwaka 2002 majukwaa yalibomolewa, na leo pale pana majengo ya ghorofa ya watu kuishi.

Klabu isiyo na uwanja ni sawa na mtu aliyeuza shamba akabaki na jembe. Anaweza kulichukua akaenda kulima popote, na yeyote anaweza kumnunua pamoja na jembe lake. Hammam alianza kuzungumzia kuipeleka timu Dublin, nchi nyingine kabisa, na wenye mpira wa Ireland wakakataa. Mwaka 1997 akawauzia klabu Wanorwei wawili, Kjell Inge Røkke na Bjørn Rune Gjelsten, ambao nao waliingia wakiwa na ndoto hiyo ya Dublin. Tarehe 14 Mei 2000, miaka 12 kamili tangu kulitwaa kombe, Wimbledon ikateremka daraja. Hasara ikaongezeka, na wenye mali wakatafuta mlango wa kutokea.

Mlango ukapatikana Milton Keynes. Kwa wasioufahamu, huo ni mji uliopangwa na serikali kuanzia mwaka 1967, kilomita kama 90 kaskazini ya Wimbledon, mji wa barabara zilizonyooka na kipilefti kila baada ya hatua chache. Kama kazi ya mipango miji tunauheshimu. Lakini haukuwa na timu ya ligi, na wafanyabiashara wa huko wakiongozwa na Pete Winkelman walitaka timu iliyo tayari, bila kuanzia chini na kupanda daraja moja moja kama wengine. Tarehe 2 Agosti 2001 mwenyekiti mpya, Charles Koppel, akatangaza kwamba Wimbledon itahamia huko.

Mashabiki walifanya yote ambayo mashabiki hufanya. Waliandamana. Walibeba mabango. Waligoma kununua jarida rasmi la mechi, wakachapa lao wenyewe na kuliuza nje ya lango. Waligeuza migongo uwanjani. Uongozi wa ligi nao uliukataa uhamisho, na kwa muda ilionekana haki itasimama. Koppel akakata rufaa, shauri likazunguka, mwishowe chama cha mpira, FA, kikaunda kamati ya watu watatu iamue. Tarehe 28 Mei 2002 wakapiga kura: wawili walikubali timu ihame, mmoja alikataa. Na wale wawili wakaongeza kuwa kuundwa kwa klabu mpya ya Wimbledon kusingekuwa na manufaa kwa mpira kwa ujumla.

Tumewahi kubishana na wenzetu juu ya kamati hii. Wapo wanaosema watu wale walionewa, kwa kuwa mbele yao palikuwa na vitabu vya hesabu vya kampuni inayokufa na pendekezo moja tu la kuiokoa. Hilo lina ukweli, na sisi tuliozoea kusoma michoro na hesabu tunaelewa jinsi karatasi zinavyoweza kumfanya mtu asahau kilicho nje ya karatasi. Lakini sheria ya Kiingereza ilikuwa imekwisha kuwamaliza mashabiki kabla kamati haijakaa. Klabu kwa sheria ni kampuni, kampuni ni ya wenye hisa, na mtu aliyekwenda kila Jumamosi kwa miaka 40 ana haki sawasawa na mteja aliyekuwa akinunua mkate duka hilo hilo. Akihama muuzaji, mteja atafute duka jingine.

Nao wakafanya hivyo hasa. Siku chache baada ya uamuzi, mashabiki walikutana katika ukumbi wa mtaa wao. Kris Stewart, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa upinzani, aliwaambia wenzake kwamba amechoka kupigana na sasa anataka tu kutazama mpira. Wakaamua kuunda AFC Wimbledon. Tarehe 29 Juni 2002 waliita majaribio ya wachezaji katika mbuga ya wazi ya Wimbledon Common. Wakaja watu kama 230, mwenye kipaji na asiye nacho. Tarehe 10 Julai wakacheza mechi ya kwanza ya kirafiki na Sutton United. Walifungwa 4-0. Waliohudhuria walikuwa 4,657, na mpira ulichelewa kuanza kwa wingi wa watu waliokuwa bado nje.

Msimu huo timu mbili zilibeba jina la Wimbledon. Moja ilikuwa daraja la pili la Uingereza, yenye wachezaji wa kulipwa, ikisubiri kuhamishwa. Ya pili ilikuwa katika ligi ya mitaani, daraja la tisa. Yule wa daraja la tisa alipata wastani wa watu zaidi ya 3,000 kwa mechi za nyumbani, kumshinda yule wa daraja la pili. Usiku mmoja wa Oktoba 2002, mechi ya ligi kati ya Wimbledon ya wenye mali na Rotherham ilitazamwa na watu 849 katika uwanja wa kuchukua zaidi ya 25,000. Tunapoambiwa kwamba shabiki hana nguvu, huwa tunaikumbuka namba hiyo. Juni 2003 klabu ile ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi, Septemba ikahamia Milton Keynes, na mwaka 2004 ikabadilishwa jina kuwa MK Dons.

Sasa tuwatazame waliobaki. Hasira walikuwa nayo, lakini watu wengi wamekuwa na hasira na hawakujenga kitu. Hawa walikaa chini wakaandika katiba. Walianzisha Dons Trust, chama cha ushirika ambacho kila mwanachama ana kura moja, awe ametoa pauni 25 au elfu 25. Waheshimiwa, hiyo ndiyo nguzo ya jengo zima, nyingine zote ni kuta. Mali bila daftari hupotea bila habari, basi wakatafuta wa kushika daftari. Erik Samuelson, mhasibu aliyestaafu kutoka kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu, akawa mtendaji mkuu kwa mshahara wa gini moja kwa mwaka, yaani pauni moja na shilingi moja ya kizamani. Alisema gini inasikika kuwa na heshima kuliko pauni. Kazi nyingine zilifanywa kwa kujitolea: milango, tiketi, rangi za kuta, chai.

Mwaka 2003 wakanunua haki ya kuumiliki uwanja wa Kingsmeadow, mtaa wa jirani wa Kingston, kwa kuuziana hisa na kukopa. Kumbukeni somo la Plough Lane. Hawakutaka kuwa wapangaji tena. Kati ya Februari 2003 na Desemba 2004 walicheza mechi 78 za ligi bila kufungwa, rekodi katika mpira wa wakubwa wa Uingereza. Katika misimu 9 walipanda daraja mara 5, na tarehe 21 Mei 2011, mjini Manchester, wakaishinda Luton Town kwa mikwaju ya penalti 4-3 na kuingia ligi ya kulipwa. Mwaka 2007 vikombe na kumbukumbu za klabu ya zamani, vilivyokuwa vimechukuliwa Milton Keynes, vilirejeshwa kwa halmashauri ya Merton, ndiko Wimbledon iliko. Timu hizo mbili zilipokutana kwa mara ya kwanza, Desemba 2012 katika Kombe la FA, MK Dons walishinda 2-1. Mpira haufuati haki, unafuata mabao.

Isije ikadhaniwa kwamba tunasimulia hadithi ya malaika. Walipoanza kujenga uwanja mpya katika mtaa wa Plough Lane, hatua chache tu kutoka ule wa zamani, fedha zilipungua. Desemba 2019 viongozi waliwaeleza wanachama kwamba kuna pengo la mamilioni, na mojawapo ya njia zilizowekwa mezani ilikuwa kuwauzia hisa wawekezaji binafsi. Mashabiki wakawaka moto, safari hii dhidi ya uongozi waliouchagua wenyewe. Maneno yale yale yaliyotumika kwa Koppel yalisikika tena: mmetuficha, hamkutushirikisha. Lakini tofauti ilikuwa kwamba sasa palikuwa na mkutano wa kusemea na kura ya kupigia. Badala ya kuuza, wakatembeza bakuli: wakatoa hati za mkopo kwa mashabiki, na mwanzoni mwa mwaka 2020 zikaleta zaidi ya pauni milioni 5. Baadaye wawekezaji wadogo waliingia pia, ila wingi wa kura ukabaki mikononi mwa wanachama. Tarehe 3 Novemba 2020 timu ikacheza nyumbani tena, sare ya 2-2 na Doncaster Rovers. Kwa sababu ya korona, majukwaa hayakuwa na watu. Baada ya miaka 29 ya kungoja, wenye uwanja waliitazama mechi majumbani mwao.

Tumewaza sana juu ya habari hizi kwa ajili ya klabu za kwetu, kwa sababu sisi tumetembea njia hiyo tukitokea upande wa pili. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 hazikuwa kampuni za tajiri. Zilikuwa za wanachama wenye kadi, wenye mkutano mkuu, wenye majengo yao pale Jangwani na Msimbazi. Kile ambacho Waingereza wa Wimbledon walikitafuta kwa jasho, baba zetu walikuwa nacho. Lakini kura peke yake haikutuokoa na ugomvi. Mgogoro wa Yanga wa katikati ya miaka ya sabini ulizaa Pan African, timu ya waliojitenga, na mwaka 1982 ikatwaa ubingwa wa Tanzania kabla ya kufifia. Waliojitenga Yanga walikuwa na hasira na wachezaji wazuri. Tofauti yao na wale wa Wimbledon, kwa maoni yetu, ni daftari na kiwanja. Tena wengi mtakumbuka enzi za Yanga Kampuni na Yanga Asilia, ambapo watu wa klabu moja walifikia hatua ya kutosalimiana kwa sababu ya swali la nani mwenye mali.

Basi wakati Wimbledon inajinasua kutoka mikononi mwa matajiri, sisi tulikuwa tunawaita. Hatulaumu. Mfadhili aliyelipa mishahara na nauli za timu kwa miaka bila hata risiti, ana haki ya kutaka karatasi. Mwaka 2017 wanachama wa Simba waliridhia mfumo wa hisa, na Mohammed Dewji akatangazwa mshindi wa zabuni kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Serikali iliweka sharti kwamba mwekezaji asizidi asilimia 49, na 51 zibaki kwa wanachama. Sharti hilo halitofautiani sana na lile la Wajerumani, ambao tangu mwaka 1998 wanazitaka klabu ziwaachie wanachama nusu ya kura na moja ya ziada, isipokuwa chache zilizosamehewa.

Asilimia 51 ni namba nzuri kwenye karatasi. Lakini mhandisi akiona namba kwenye mchoro huuliza imebeba nini. Je, hizo 51 zina kura katika bodi au zina viti tu? Nani anaruhusiwa kuuza jina, rangi na nembo? Majengo ya Jangwani na Msimbazi yako kwenye hati ya nani? Ikumbukwe kwamba timu zote mbili mechi zao kubwa zimezoea kuchezea uwanja wa serikali, ule wa Taifa uliofunguliwa mwaka 2007 na kupewa jina la Benjamin Mkapa mwaka 2020. Katika hilo wote ni wapangaji, kama Wimbledon ya Selhurst Park.

Waingereza wenyewe imewachukua muda kuyatia haya katika sheria. Julai 2025 Sheria ya Usimamizi wa Mpira ilitiwa saini, ikaunda msimamizi wa kujitegemea. Klabu ya ligi haiwezi tena kuuza uwanja wake au kuhama bila idhini yake, na haiwezi kubadili nembo au rangi za nyumbani bila kuwasikiliza mashabiki. Miezi miwili kabla, tarehe 26 Mei, AFC Wimbledon walikuwa wameishinda Walsall 1-0 pale Wembley na kupanda hadi daraja la tatu, wakaanza msimu wa 2025/26 ngazi moja juu ya MK Dons.

Msomaji mwenye kadi ya zamani ya Simba, Yanga, Pan African au klabu nyingine yoyote ya nyumbani, au mwenye nakala ya katiba za miaka hiyo hata kama imeliwa na mende, tunaomba atuletee tuinakili. Tungependa kuona vifungu vya mali viliandikwaje, na nani alitia saini.